Vitanda Sita

Mwoka mikate wa mtaa ule aliitwa Hamira. Wageni walidhani jina hilo limetokana na kazi yake. Mkewe alijua zaidi. Hamira huumua unga, na mumewe alikuwa mwepesi wa kuumuka. Ukimgusa kwa neno, kabla hujameza mate ameshafura.

Hata hivyo alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Alfajiri alikuwa ameshakanda unga. Saa kumi na mbili mikate ya kwanza ilitoka tanurini, na mabinti zake pacha waliifunga kwa karatasi kabla ya kwenda shule. Mkewe, Mama Pacha, aliuza kwenye kaunta. Saa mbili asubuhi tanuri liliwashwa tena kwa mikate ya pili. Lilikuwa tanuri la gesi, lenye mlango mzito wa chuma, na koki yake ilikuwa ukutani.

Mwaka huo redio zilijaa maneno ya vita. Nchi yao na nchi jirani ziligombania maji ya mto wa mpakani. Kisha ikatangazwa habari nyingine. Taifa moja kubwa, rafiki wa serikali, lilitaka kuweka mabomu yake ya nyuklia katika uwanja wa zamani wa ndege, nje kidogo ya mji. Serikali ilisema bado inafikiria.

Hamira hakuhitaji kufikiria.

"Waje hata kesho," aliwaambia wateja. "Mwenye fimbo kubwa hachokozwi. Hao wa ng'ambo wakijua tuna bomu la nyuklia hapa, watatulia kama maji mtungini."

Asubuhi moja kinyozi wa duka la pili alitikisa kichwa. "Mimi mambo ya mabomu siyaelewi, ndugu yangu."

"Huelewi nini? Njoo nikueleweshe."

Asubuhi ile Hamira alikuwa amefungua koki ya gesi ili awashe tanuri. Aliposikia sauti ya Kinyozi akaacha kiberiti mezani na kutoka. Alisimama mlangoni akamweleza, mkono mmoja juu, unga hadi kwenye viwiko. Wakati huo huo lori la unga lilifika. Dereva wake alikuwa mtu wa nchi jirani. Alisimama na gunia begani, akasubiri apishwe njia, na akasikia kila neno.

Ndani, Mama Pacha aliona mikate mibichi imepangwa kwenye trei na tanuri halijawaka. Alidhani mumewe amesahau. Akachukua kiberiti, akafungua mlango wa chuma, akawasha njiti.

Moto ulitoka kwa mkupuo mmoja.

Hamira alisikia mlipuko, kisha akasikia mkewe akiita jina lake. Alipoingia alimkuta amekaa sakafuni, mikono yote miwili imeungua, shingo na kifua pia. Hamira alisimama kama mti. Mwenye akili timamu pale ndani alikuwa mtu mmoja tu, yule dereva. Alitupa gunia, akafunga koki, akamburuta Mama Pacha hadi kwenye bomba la uani.

"Leteni mafuta tumpake," mtu mmoja alisema.

"Mafuta hapana," dereva alijibu. "Dawa ya meno hapana, unga hapana. Maji ya bomba tu, yatiririke. Vueni pete hiyo kabla vidole havijavimba. Wewe, tazama saa. Dakika ishirini."

Dakika ishirini zilikwisha. Dereva akamfunika Mama Pacha kwa shuka safi, akampandisha kwenye lori, akaendesha mpaka hospitali akipiga honi njia nzima.

*

Wodi ya walioungua ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda sita. Vitano vilikuwa na watu. Mama Pacha akawa wa sita.

Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye viatu visivyo na sauti. Wagonjwa walimwita Bi Taratibu, maana neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Alilisema akibadilisha bandeji, alilisema akimnywesha mtu uji, alilisema hata daktari alipokuwa na haraka.

"Nani alimmwagia maji huyu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Dereva wa lori," Hamira alijibu.

"Mshukuruni. Maji yale yameokoa vidole vyake."

Hamira alikwenda kumtafuta dereva kwenye maegesho ya malori. Alimkuta anakagua matairi. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini yalimpotea yote.

"Ndugu yangu," alisema mwishowe, "siku ile nilisema vibaya juu ya watu wa kwenu. Ulinisikia."

"Nilikusikia. Ulisema tuonyeshwe bomu ili tutulie."

"Nilisema."

Dereva alijifuta mikono kwa kitambaa. "Kule ninaye mama mzazi wa miaka sabini na tisa. Kutwa anakaa kibarazani anachambua mchele. Sijui mtamtuliza vipi zaidi ya hapo."

Hamira alicheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka. Dereva akamsogezea ndoo aliyoipindua, akae.

"Umeokoa nyumba yangu," Hamira alisema. "Sina cha kukulipa."

"Wewe uguza mkeo. Mengine Mungu anayaona."

*

Mama Pacha alilala wodini wiki saba. Kila mchana Hamira alifunga duka na kwenda kukaa naye. Jirani mmoja alipika chakula cha watoto, mwingine aliwasaidia kazi za shule. Watu wanne wa mtaani walitoa damu, Kinyozi akiwa wa kwanza. Hamira hakuwahi kujua kwamba ana watu wengi hivyo. 

Lakini kulikuwa na jambo lililomlemea. Siku ya kumi alishindwa kulibeba.

"Mama Pacha, ile koki ni mimi niliyeiacha wazi."

"Najua," mkewe alijibu. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini macho yake yalikuwa yale yale. "Nilijua tangu sakafuni. Ulikwenda kumwelewesha Kinyozi."

"Utanisamehe?"

"Nimeshakusamehe. Ningekuwa na mikono ningekuzaba kibao kwanza, kisha nikusamehe. Sasa bahati yako, umepata msamaha bila kibao."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka hadi akaomba maji. Hamira aliinama, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro. Tangu aoe hakuwahi kuhisi shukrani nzito namna ile.

Siku hiyo hiyo aliona karatasi ukutani, karibu na meza ya wauguzi. Iliandikwa kwa herufi kubwa: TUNAOMBA BARAZA LA MJI LIKATAE MABOMU YA NYUKLIA. Chini yake yalikuwepo majina na sahihi. Jina la kwanza lilikuwa la Bi Taratibu.

Hamira akaanza kuumuka.

"Dada, hili sikulitegemea kwako. Bomu lile ni la kutulinda. Halitatumika. Litakaa tu, adui aogope."

Bi Taratibu hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja bandeji, akaendelea kukunja.

"Taratibu, baba. Kaa hapa. Wewe ni mtu wa kazi, tuzungumze kikazi. Mkeo anabadilishwa bandeji kila asubuhi. Inachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu."

"Wauguzi wangapi?"

"Wawili."

"Damu ilitoka kwa watu wangapi?"

"Wanne."

"Juzi alichukuliwa ngozi ya paja, ikapandikizwa mkononi. Madaktari walikuwa wangapi?"

"Watatu. Na yule wa usingizi."

"Huyo ni mgonjwa mmoja. Na moto uliomchoma ulikuwa wa tanuri moja, kwa kufumba na kufumbua." Aliweka bandeji chini. "Wodi hii ina vitanda sita. Ndiyo wodi pekee ya walioungua katika mkoa wetu. Bomu moja la nyuklia likianguka mjini, walioungua kama mkeo watakuwa makumi ya maelfu, asubuhi moja. Nitawalaza wapi?"

Hamira alitazama vitanda, kimoja kimoja.

"Tena nimekosea kusema 'nitawalaza'. Mimi mwenyewe nitakuwa nimeungua. Hospitali hii itakuwa imeanguka. Mabomu mawili ya namna hiyo yaliangushwa kwenye miji miwili ya Japani, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tano. Kufikia mwisho wa mwaka ule, watu zaidi ya laki moja walikuwa wamekufa. Katika mji wa kwanza, madaktari na wauguzi wengi walikufa au waliumia siku ile ile. Watu waliobaki hai waliomba maji, na wa kuwapa hakuwepo."

Mama Pacha alikuwa anasikiliza kitandani. "Bi Taratibu, wanasema pia kuna mionzi. Si ile ile ya eksirei? Mbona mimi nimepigwa eksirei na sikufa?"

"Swali zuri. Ile ya eksirei ni kidogo sana, ina kipimo, na fundi wake husimama nyuma ya ukuta. Ya bomu haina kipimo wala ukuta. Haionekani wala hainuki. Mtu anaweza kutoka bila kidonda, baada ya siku chache akaanza kutapika, nywele zikamtoka, akafa. Mwingine hupata saratani miaka mingi baadaye. Udongo na maji navyo vinaweza kuharibika."

"Lakini wengine wanayo," Hamira alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Mataifa makubwa yanayo maelfu. Sisi tukae hivi hivi?"

"Vita vikianza, adui hulenga nini kwanza?"

Hamira alifikiri. "Silaha za mwenzake."

"Basi ukiweka bomu kwenye uwanja ule wa ndege, umeweka nini nyuma ya nyumba yako? Na vita si vya makusudi tu. Kuna makosa. Mtu husahau jambo dogo, akatoka kidogo kwenda kuzungumza."

Bi Taratibu hakujua habari za koki. Hakuna aliyemwambia. Mama Pacha alimtazama mumewe, mumewe akatazama sakafu.

Baada ya muda Hamira aliomba kalamu.

*

Mama Pacha aliporudi nyumbani, alivaa glovu za hospitali za kubana makovu na kufanya mazoezi ya vidole kila siku. Kazi ya kaunta alimwachia mumewe. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na mlango, na fomu za sahihi mapajani. Walikuwa wamejiunga na kikundi cha Bi Taratibu. Kilikuwa na watu kumi na wawili: wauguzi, walimu wawili, fundi wa viatu, na akina mama wa mtaani. Walikutana kila Jumapili alasiri katika darasa la shule ya msingi, wakikalia madawati ya watoto, magoti yakigonga meza.

Hamira alianza kwa vishindo. Siku ya kwanza alizunguka maduka kumi na moja, akarudi na sahihi mbili.

"Watu hawa vichwa vigumu," alilalamika. "Hata Kinyozi amenikatalia."

"Alisemaje?" Bi Taratibu aliuliza.

"Alisema mimi ndiye niliyemfundisha kwamba bomu ni zuri. Eti bado hajamaliza kulielewa somo la kwanza, nishaleta la pili."

Darasa zima lilicheka. Hamira naye mwishowe alicheka.

"Ulimjibuje?"

"Nilimwambia ni mjinga."

"Taratibu, baba. Mtu ukimwita mjinga, masikio anayafunga. Rudi kwake. Mwambie ukweli, kwamba ulikosea, na kilichokubadilisha ni nini. Muulize yeye anaogopa nini, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kazi. Akitaka kusaini, asome kwanza. Asiyejua kusoma asomewe yote. Mtu mmoja sahihi moja, jina lisomeke. Asiyetaka, mshukuru kwa muda wake, uondoke kwa amani."

Hamira alirudi kwa Kinyozi. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akafungwa kitambaa shingoni, hivyo hakuweza kurusha mikono.

"Siku ile nilikufundisha uongo," alisema. "Na nikiwa nakufundisha, mke wangu aliungua."

Kinyozi aliacha kunyoa.

"Wewe unaogopa nini katika jambo hili?" Hamira aliuliza. Kisha akanyamaza. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kama ile.

Kinyozi alimtazama kwenye kioo. "Naogopa tukikataa bomu, tutaonekana dhaifu. Watuvamie."

"Hata mimi niliogopa hivyo. Mto ule unahitaji watu wa kukaa mezani na kugawana maji. Bomu haligawi maji. Linaua wa kwao na wa kwetu, upepo hauulizi pasipoti."

Kinyozi alimaliza kunyoa. Akapangusa wembe, akavaa miwani. "Nipe hiyo karatasi niisome. Na usinisomee. Najua kusoma."

Kwa miezi mitatu kikundi kilipata sahihi elfu nne mia mbili. Kiliomba kibali cha polisi kwa maandishi, kikafanya maandamano mafupi kutoka hospitali hadi ofisi za baraza. Walipita pembeni mwa barabara, bila jiwe wala tusi. Mtu mmoja aliwazomea na kuwaita wasaliti. Hamira alihisi kifua kinapanda. Mama Pacha, kwa vidole vyake vya glovu, alimshika kiwiko. Kifua kikashuka.

*

Siku ya kikao cha baraza, wananchi waliruhusiwa kukaa nyuma. Diwani mmoja alisimama akasema, "Haya ni mambo ya wakubwa. Kazi yetu sisi ni mitaro na taka. Tunaingiliaje mambo ya mabomu?"

Mwenyekiti aliuliza kama kikundi kina msemaji. Watu wote walitegemea Bi Taratibu asimame. Yeye alimgeukia Mama Pacha.

Mama Pacha alisimama. Alivua glovu moja, kisha nyingine. Makovu yalikuwa ya rangi mbili, na vidole viwili vya kushoto havikunyooka sawasawa.

"Waheshimiwa, mimi ni muuza mikate," alisema. "Mikono hii iliungua kwa tanuri la duka langu. Ilichukua wiki saba, madaktari wanne, wauguzi wawili kila asubuhi, na damu ya watu wanne. Nimesimama hapa kwa sababu yao. Nawashukuru, na nitawashukuru mpaka nizikwe. Lakini kulikuwa na kitanda kimoja tu kilichobaki. Mimi nilikipata. Mheshimiwa amesema kazi yenu ni mitaro na taka. Ni kweli. Na hospitali ya mji ni kazi yenu pia. Basi naomba mniambie: siku ile ikifika, nani kati yetu humu atapata kitanda?"

Alikaa. Karani aliacha kuandika. Yule diwani wa mitaro alitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Madiwani kumi na wanne walikubali ombi la kikundi, saba walilikataa. Baraza likaiandikia serikali barua: mji huu hautaki silaha za nyuklia katika ardhi yake, na unaomba ugomvi wa mto umalizwe kwa mazungumzo. Diwani wa mitaro alikuwa miongoni mwa wale kumi na wanne.

Miji mingine mitano iliandika barua kama hiyo. Na dereva wa lori, alipoleta unga wiki iliyofuata, alisema kwamba hata kwao watu wameanza. Walimu na wauguzi wa ng'ambo walikuwa wanakusanya sahihi, serikali yao nayo ikae mezani.

Mwezi wa tano habari ikaja. Waziri alitangaza kwamba mpango wa uwanja wa ndege umefutwa, na wajumbe wa nchi mbili watakutana kuhusu mto. Hamira alikuwa anatoa mikate ya pili. Aliweka trei chini, akafunga koki, akaikagua mara mbili. Ndipo akatoka kwenda kumkumbatia mkewe mbele ya wateja, unga wote ukamhamia yeye.

*

Jumapili iliyofuata watu wa kikundi walifurahi kwa chai. Kisha Bi Taratibu akauliza, "Waliotia sahihi, nani atawaambia?"

"Si wamesikia redioni?" alijibu fundi wa viatu.

"Redio haikuwaomba sahihi. Tuliwaomba sisi."

Kwa hiyo wakagawana mitaa. Hamira na Mama Pacha walipewa nyumba za ghorofa za nyuma ya stendi. Walipanda ngazi, waligonga milango, walisema ahsante. Wengine walishangaa. Wengine waliwakaribisha. Mmoja alidhani wamekuja kuuza kitu, akawafungia, kisha akafungua tena akaomba radhi.

Ghorofa ya nne walimkuta bibi mmoja anayeishi peke yake. Chumba chake kilikuwa safi, na cherehani ya zamani dirishani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mmepanda ngazi zote hizi kuja kuniambia ahsante?"

"Ndiyo, bibi," Mama Pacha alijibu. "Bila sahihi yako na za wenzako, tusingesikilizwa."

Bibi alishusha mikono. "Wajukuu zangu, mimi nina miaka themanini na moja. Nimetia sahihi mambo mengi. Kalamu nimeletewa na watu wengi. Nyinyi ndio wa kwanza kurudi kuniambia yalikwendaje."

Aliwavutia viti viwili. Wakakaa.

"Na sasa?" bibi aliuliza. "Yamekwisha?"

"Hapana," Hamira alisema. Alisema taratibu. "Mabomu bado yapo duniani, maelfu. Upo mkataba wa mataifa wa kuyapiga marufuku kabisa. Nchi nyingi zimeingia. Zenye mabomu bado. Nchi yetu nayo bado. Tunataka kuiomba serikali iingie."

"Karatasi mnayo?"

Mama Pacha aliitoa mkobani. Bibi aliichukua, akasogea dirishani penye mwanga, akavaa miwani. Alianza kusoma kuanzia juu, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza. Alisoma polepole. Hamira na mkewe walikaa kimya wakamsubiri amalize.